Mbuzi Wasio na Mwenyewe: Kisa cha Elsa wa Meru na Marudio Yake Katika Filamu

Utangulizi

Filamu inapofanikiwa, watayarishaji huirudia kwa njia mbili. Ama huendeleza kisa kuanzia pale kilipoachwa, ama hukitengeneza upya kwa waigizaji wengine. Mazoea ya wahakiki ni kuuliza kama kazi ya pili imeifikia ya kwanza kwa ubora. Swali hilo lina nafasi yake, lakini lipo jingine lenye uzito zaidi: kisa kinaporudiwa, ni kipi kinachobadilishwa, na ni kipi kisichoguswa? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuzingatia filamu mbili zilizotokana na maisha ya Elsa, simba jike aliyezikwa kando ya Mto Ura, katika eneo ambalo tangu 1966 ni Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Filamu hizo ni Born Free (1966), iliyoongozwa na James Hill, na mwendelezo wake, Living Free (1972), ulioongozwa na Jack Couffer. Hoja inayotetewa ni kwamba mwendelezo ulibadilisha karibu kila kitu kilichoonekana muhimu, ila ukamwacha mfugaji bila kauli, ingawa msuko wake wote unategemea mifugo yake.

Nguvu na kasoro ya filamu ya kwanza

Born Free inatokana na kitabu cha Joy Adamson kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana nyama George Adamson analazimika kumuua simba aliyeua mtu, pamoja na jike lake. Wanabaki watoto watatu. Wawili wanapelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam na wa tatu, Elsa, analelewa nyumbani. Ubora wa filamu umo katika mgogoro wake wa ndani: mlezi anatakiwa kumfundisha ampendaye kuishi bila yeye. Virginia McKenna na Bill Travers wanaliigiza jambo hilo pasipo machozi ya bure, na muziki wa John Barry, ulioipatia filamu tuzo mbili za Oscar, unaupa mwisho wake hadhi. Athari yake haikuishia katika sinema, kwani mwaka 1984 waigizaji hao wawili walianzisha shirika la kutetea wanyama wanaofungiwa.

Hata hivyo, kasoro inajitokeza mapema. Anayeuawa mwanzoni ni mwanamke afuaye nguo mtoni. Kifo chake ndicho kinachouanzisha msuko, lakini msuko haumrudii tena. Baadaye Elsa anawatimua tembo, nao wanapita katikati ya kijiji. Hasara hiyo inampa Kendall, mkubwa wa George, sababu ya kudai kwamba Elsa aachiliwe mwituni au apelekwe katika bustani ya wanyama. Kwa hiyo maafa ya wanakijiji yanapimwa kwa yale yatakayompata Elsa, wala si kwa yale yaliyowapata wao.

Mwendelezo: nani alibaki?

Living Free ilipata nafasi ya kulirekebisha jambo hilo. Elsa anakufa, kama alivyokufa kweli mnamo Januari 1961, na watoto wake, Jespah, Gopa na Little Elsa, wanaanza kuvamia mifugo. Mgogoro sasa uko kati ya simba na zizi. Bila mbuzi hakuna kosa. Bila kosa hakuna sababu ya watoto hao kukamatwa na kuhamishiwa Serengeti. Mwenye mbuzi, basi, ndiye nguzo ya kisa.

Lakini filamu haimjengi kama mhusika. Yeye ni tishio linaloharakisha safari, mfano wa mvua inayokaribia. Mtazamaji anaelezwa kwamba muda unakwisha. Haelezwi mbuzi ni nini kwa mwenyewe: karo, mahari, dawa, akiba ya msimu wa ukame. Hivyo mbuzi wanaonekana kana kwamba hawana mwenyewe.

Uteuzi wa waigizaji unaithibitisha hoja hii. McKenna na Travers hawakurudi. Nafasi zao zilichukuliwa na Susan Hampshire na Nigel Davenport. Waliorudi ni Geoffrey Keen, aliyeigiza tena Kendall, na Peter Lukoye, aliyeigiza tena Nuru, msaidizi wa akina Adamson. Kwa maneno mengine, wapenzi wa simba wangeweza kubadilishwa, lakini ofisi na mtumishi vikabaki na sura zile zile. Huenda hilo lilitokana na mikataba tu. Hata hivyo, kazi ya sanaa huhukumiwa kwa picha inayoiacha, na picha iliyoachwa hapa ni ya mpangilio wa kikoloni uliovuka salama mwaka 1963.

Masimulizi ya Joy Adamson yenyewe yana jambo ambalo mwandishi wa filamu mwenye jicho pevu angelifanya kitovu cha kazi yake. Jespah alifika Serengeti akiwa na kichwa cha mshale mwilini. Mshale huo ndio kauli pekee ya mfugaji katika kisa kizima. Ni kauli kali, na inaweza kupingwa; lakini haiwezi kupingwa kabla ya kusikilizwa.

Inaweza kudaiwa kwamba filamu hizi ni za simba, na kwamba kuzidai habari za mfugaji ni kuzidai zisichoahidi. Dai hilo lingekubalika kama zingeweza kusimama bila yeye. Haziwezi. Anayeitwa kuutatiza msuko anastahili pia kuitwa kuueleza.

Kipimo cha fanani

Sanaa ya masimulizi ya eneo lenyewe inatoa kipimo kinachofaa. Mkusanyiko wa Ciarunji Chesaina, Oral Literature of the Embu and Mbeere (1997), unakumbusha kwamba katika jamii hizi kurudia kisa ni jambo la kawaida. Fanani hasimulii mara mbili kwa namna moja, kwa kuwa hadhira iko mbele yake. Anayesikiliza leo ana zizi, na kesho ana neno la kusema. Marudio ya fanani hubadilika kwa sababu ya waliopo. Marudio ya Living Free yalibadilika kwa sababu ya waliokosekana.

Mkondo huo umefika mbali. Katika The Lion King ya 1994, na katika toleo lake jipya la 2019, binadamu hayumo kabisa. Kiswahili kimebaki, lakini kimekuwa majina ya wanyama: Simba, Rafiki, Pumbaa, na fisi aitwaye Shenzi. Lugha ya mfugaji imechukuliwa, mfugaji ameachwa.

Hitimisho

Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inatambua kwamba aliyejeruhiwa au kuharibiwa mali na wanyamapori anaweza kudai fidia, na kwamba jamaa wa aliyeuawa wana haki hiyo. Utekelezaji wake ni suala jingine. La msingi ni kwamba sheria imekiri kuwa mbuzi ana mwenyewe. Sanaa ya filamu, iliyokirudia kisa cha Meru kwa hiari yake, bado haijakiri. Atakayekirudia tena asianzie kwenye kaburi la Elsa. Aanzie zizini, asubuhi, mwenye mbuzi anapohesabu.