Svetlana Si Nuru: Jina Moja la Kislavi na Kalamu za Wafasiri Wetu

Miezi michache iliyopita ulifika mezani petu muswada wa tafsiri unaosimulia maisha ya wanawake mashuhuri wa zama zetu, ukiombewa ithibati ya lugha kabla haujapigwa chapa. Kiswahili chake kwa jumla ni safi, na mfasiri wake, ambaye hatutamtaja, ni mtu mwenye sikio zuri. Lakini katika sura zihusuzo Urusi na jirani zake tulikuta jina moja limeandikwa kwa namna nne: Svetlana, Swetlana, Sivetilana na, katika kichwa cha sura mojawapo, Nuru. Msomaji asiye na habari angedhani anasimuliwa wanawake wanne wenye majina manne. Kumbe ni wanawake wanne wenye jina moja.

Huenda wako watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, na kwamba Baraza lina kazi kubwa zaidi ya kupekua majina ya Warusi ilhali istilahi za sayansi zingali zinangoja. Hatukubaliani nao. Istilahi ikikosewa, kitu chenyewe hakilalamiki. Jina la mtu likikosewa, yupo mwenye jina.

Tuanze na hilo la Nuru, kwa kuwa ndilo lenye hoja. Mfasiri ameeleza pambizoni kwamba shina la jina hili ni neno la Kirusi *svet*, yaani nuru, na kwamba Nuru ni jina tulilo nalo, tena zuri. Kuhusu shina, hakukosea. Angeweza hata kuongeza kuwa neno hilohilo kwa Kirusi lina maana ya ulimwengu pia. Tena, pengine bila kujua, amefuata nyayo za watu wakubwa, maana Svetlana ni jina lililozaliwa mezani pa watu wa fasihi.

Wengi hudhani kuwa ni jina la kale, la wakati wa wafalme wa mwanzo wa Warusi. Sivyo. Lilionekana kwanza mwaka 1802 katika shairi la Alexander Vostokov, ambaye alikuwa mshairi na mwanaisimu. Vostokov mwenyewe alizaliwa mwaka 1781 katika familia ya Kijerumani kwa jina la Ostenek. Kwa Kijerumani *Ost* ni mashariki, na kwa Kirusi mashariki ni *vostok*. Basi mtu aliyelifasiri jina lake mwenyewe ndiye aliyelitunga hili la Svetlana.

Hata hivyo, aliyelieneza ni Vasily Zhukovsky, na hapa twaomba wafasiri watusikilize kwa makini. Zhukovsky alilipenda shairi la masimulizi la Mjerumani Gottfried August Bürger liitwalo *Lenore*, ambamo msichana anamlilia mchumba asiyerudi vitani, hata usiku mmoja mpanda farasi anakuja kumchukua na kumpeleka kaburini. Shairi hilo Zhukovsky alilishughulikia mara tatu. Mwaka 1808 alimpa msichana jina la Lyudmila, nalo ni jina la Kislavi lenye maana ya apendwaye na watu. Alibadili mandhari, lakini mauti aliyaacha yalivyokuwa. Mwaka 1813 alichapisha shairi jingine, na sasa msichana ni Svetlana. Anapiga ramli kwa kioo katika mkesha wa Epifania, anaota safari ileile ya kutisha, kisha anaamka asubuhi na kumwona mchumba wake amerudi mzima. Mwaka 1831 akairudia kazi ya Bürger kwa mara ya tatu, safari hii kwa kuifuata kwa uaminifu, na jina akalirudisha kuwa Lenora.

Katika mwenendo huo wa mtu mmoja mna fundisho zima la kazi yetu. Alipobadili jina, alibadili na mtu na ajali yake; Lenore alikufa, Svetlana aliamka. Alipokusudia kufasiri hasa, jina aliliacha lilivyo. Kwa hiyo anayemwandika Svetlana Savitskaya kuwa Nuru Savitskaya hamfasiri tena mwanamke huyo, bali anamtunga mwingine. Nasi hatuna ruhusa ya kumtunga mtu aliye hai.

Maana ya jina haitupwi kwa sababu hiyo. Yafaa itajwe mara moja, katika sentensi ya maelezo, pale ambapo habari yenyewe inaidai. Na katika historia ya jina hili inaidai kweli. Kwa kuwa Svetlana halikuwamo katika orodha ya majina ya watakatifu, haikuwa kawaida mtoto kubatizwa kwalo katika Urusi ya wafalme. Aliyeitwa hivyo nyumbani aliweza kubatizwa Fotina, jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya nuru. Yaani kanisa nalo lilifasiri! Jina likakaa katika mashairi, na hata katika meli: manowari iliyoitwa Svetlana ilizama katika mapigano ya Tsushima mwaka 1905, miaka mingi kabla mabinti wengi hawajaruhusiwa kuitwa hivyo. Ni baada ya mapinduzi ya 1917, watoto walipoandikishwa serikalini badala ya kanisani, ndipo jina lilipoenea kila mahali.

Sasa hilo la Sivetilana. Kiswahili hakina silabi ianzayo na *sv*, na ulimi wa mtu wetu hutafuta irabu ya kupumzikia. Katika mazungumzo hatuna ugomvi na hilo. Mwaka 1996 kule Atlanta, Svetlana Masterkova alipochukua dhahabu ya mita 800 na ya mita 1500, na Maria Mutola wa Msumbiji akapata shaba katika ile ya kwanza, mtangazaji wa redio hakuwa na nafasi ya kuchuja konsonanti. Kwenye jukwaa la tamthilia pia mambo ni mengine. Mwalimu Nyerere, aliyelitoa *Julius Caezar* mwaka 1963, alilirudia mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*, na wahusika wa mchezo hawana hati za kusafiria. Lakini kitabu cha wasifu ni kumbukumbu. Anayetaka kumtafuta mtu huyo katika maktaba au katika jalada la ofisi kwa jina la Sivetilana hatampata.

Swetlana ni kosa la namna nyingine, na linatusikitisha zaidi kwa kuwa linaonyesha njia tuliyopitia. Wajerumani huandika hivyo kwa sababu *w* yao husomwa kama *v* yetu. Mfasiri alichukua ukurasa mmoja katika kitabu cha Kijerumani na mwingine katika cha Kiingereza, asitambue kwamba kila mlango aliopitia umeliachia jina alama yake. Kiswahili kina *v* na kina *w*, na hakuna anayechanganya vita na wita. Maadamu sauti ya asili ni *v*, na sisi herufi tunayo, hatuna sababu ya kuazima ugonjwa wa tahajia ya wengine.

Tukifika kwenye majina yafuatayo lile la kwanza, muswada unazidi kutatanisha. Mrusi hutajwa kwa jina lake, jina la baba, kisha jina la ukoo, na yote mawili ya mwisho aghalabu hubadilika kwa mwanamke. Hapa Kiswahili cha pwani kina mlingano ulio karibu kuliko wa lugha nyingi za Ulaya, yaani *binti*. Svetlana Iosifovna ni Svetlana binti Iosif. Hakuna kati yetu awezaye kumwandika Siti binti Saad kuwa Bibi Saad, kana kwamba Saad ni mumewe. Lakini ndivyo muswada ulivyofanya uliposema “Bibi Iosifovna”.

Svetlana Savitskaya, aliyezaliwa Moscow mwaka 1948, ni binti wa rubani wa vita Yevgeny Savitsky. Mfasiri, au mhariri aliyempitia, aliona majina mawili yasiyolingana akadhani moja limekosewa chapa. Akamsahihisha binti awe Savitsky. Alichokisahihisha ni sarufi ya Kirusi. Huyu ndiye mwanamke wa pili kwenda anga za juu, mwaka 1982, baada ya Valentina Tereshkova aliyetangulia mwaka 1963. Na tarehe 25 Julai 1984, akiwa na Vladimir Dzhanibekov, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka nje ya chombo, akakaa huko zaidi ya saa tatu akijaribu zana ya kuchomelea vyuma. Tumesema kutoka. Muswada unasema “alitembea angani”, kwa kuwafuata Waingereza, ilhali Warusi wenyewe husema alitoka kwenye anga wazi. Miguu haina kazi huko. Tunapendekeza *kutoka angani* kuwa istilahi, au angalau ijadiliwe, na wasomaji wenye maoni watuandikie.

Kosa lililotugusa kuliko yote limo katika sura ya Svetlana Alexievich. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1948 huko Ukraine kwa baba wa Belarus na mama wa Ukraine, huandika kwa Kirusi, na mwaka 2015 alipewa Nishani ya Nobel ya Fasihi. Jina lake la ukoo ni katika yale yasiyobadilika kwa jinsia, na mwisho wake, *-ich*, unafanana na majina ya baba ya wanaume. Katika sura hiyo jina la kwanza limefupishwa kuwa herufi S tu. Basi mfasiri akaandika Bwana Alexievich, na akaendelea hivyo kurasa kumi na mbili. Kiswahili hakikumwokoa. Kiambishi *a-* hakina mume wala mke. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na sura nzima ilikuwa ya uongo. Tena sura yenyewe yahusu kitabu chake kilichotoka mwaka 1985, chenye masimulizi ya wanawake wa Kisovieti waliopigana katika Vita Kuu ya Pili. Wanawake hao walimweleza mwandishi mambo ya miili yao, ya hofu na ya aibu, ambayo vitabu vya vita vilivyoandikwa na wanaume vilikuwa havikuyauliza. Ukimweka Bwana mbele yao, unabadili kila walilolisema.

Usawa wa viambishi vyetu twausifu, na ni haki kuusifu. Lakini mfasiri anayetegemea usawa huo asithubutu kuandika Bwana au Bibi kwa kukisia tamati.

Jirani yake katika muswada ni mwanamke mwingine wa Belarus, aliyegombea urais tarehe 9 Agosti 2020 baada ya mumewe kukamatwa, na ambaye siku chache baada ya matokeo kutangazwa alikuwa amekwisha kuingia Lithuania. Kwa Kirusi ni Svetlana Tikhanovskaya. Kwa Kibelarusi ni Sviatlana Tsikhanouskaya. Mfasiri anataka tumchagulie. Hatumchagulii, kwa sababu mwenyewe amekwisha kuchagua. Kwa herufi za Kirumi hujiandika Sviatlana Tsikhanouskaya, na kwa watu wake uchaguzi wa lugha si suala la tahajia tu. Iandikwe hivyo, na umbo la Kirusi litajwe mara moja ili msomaji wa magazeti asipotee. Hali kadhalika kwa Waukraine jina hili ni Svitlana, na kulirudisha kuwa Svetlana ni kumhamisha mtu nchi bila ridhaa yake.

Limebaki jina la binti wa Stalin, ambalo tulilijadili ofisini kwa asubuhi nzima. Alizaliwa mwaka 1926. Stalin lenyewe halikuwa jina la ukoo bali la kujipa, kutoka neno la Kirusi la chuma cha pua. Ukoo ni Dzhugashvili, wa Georgia. Binti alikua akiitwa Svetlana Stalina. Mwaka 1957, baba akiwa amekwisha kufa, alilivua jina hilo akachukua la ukoo wa mama yake, Alliluyeva, ambalo asili yake ni *aleluya* tunayoijua sote. Mwaka 1967 aliingia ubalozi wa Marekani mjini New Delhi, alikokuwa amepeleka majivu ya mwenzake Brajesh Singh, na hakurudi nyumbani ila kwa muda, kati ya 1984 na 1986. Alipoolewa Marekani mwaka 1970 akawa Lana Peters, na kwa jina hilo alifariki Wisconsin mwaka 2011. Kipande cha Svetlana alichobaki nacho ni silabi mbili za mwisho.

Muswada unamwita “Svetlana Stalin” toka mwanzo hata mwisho, hata katika sentensi inayoeleza jinsi alivyolikataa jina hilo. Tuliurudisha kwa mfasiri na alama nyekundu. Akajibu kwa barua ya adabu, akikubali mengi, na akauliza swali moja la haki: katika faharasa amweke chini ya herufi gani? Tumemjibu amweke kwenye A, kwa jina aliloandikia vitabu vyake, na kwenye P aelekeze huko. Kwenye S aliomba nafasi ya mstari mmoja wa kuelekeza pia, kwa ajili ya msomaji atakayeanzia hapo. Mstari huo tumemruhusu.