Santuri ya Kwanza
Hapana shaka kumjua mwanamuziki kwa santuri yake mashuhuri ni desturi njema, lakini haitoshi. Tumtazame marehemu Miles Davis, mpiga tarumbeta wa Marekani. Santuri yake Kind of Blue ya mwaka 1959 humpokea mgeni kwa upole. Bitches Brew ya mwaka 1970, yenye vinanda na gitaa vya umeme, huweza kumfukuza. Niliwahi kumwazima mwanafunzi hiyo ya pili kwanza, naye hakuniomba nyingine. Kosa lilikuwa langu. Lakini aliyeridhika na ya kwanza pekee ameona sebule, akadhani ameijua nyumba. Basi mgeni na aanze na ile pole, ila asimhukumu Davis kabla ya kuisikiliza ile kali.