Kadi Iliyobaki Kabatini

Kadi ya kliniki ya dada yangu bado ipo kwenye kabati la mama, Keko Machungwa, chini ya vitenge. Nimeisoma mara nyingi kuliko baadhi ya vitabu nilivyowahi kuhakiki, kwa hiyo leo naihakiki yenyewe.

Sehemu ya historia ya uzazi ni fupi. Mimba ya ngapi, amezaa mara ngapi, watoto walio hai, mimba zilizoharibika. Majibu ni tarakimu tu. Neno linalonikwaza ni la mwisho. Kwetu kinachoharibika ni maziwa yaliyolala bila kuchemshwa, au pikipiki; na kikishaharibika, tunauliza nani kakiharibu. Mtaani nako si afadhali. Tunasema mimba imetoka, na kutoka hadi kutoa ni hatua fupi ambayo majirani huiruka bila shida. Nimewasikia kwa masikio yangu: "Alikunywa nini yule?" Bibi yetu husema mimba imeporomoka, kama embe changa siku ya upepo. Hakuna anayeuliza mwembe ulifanya nini. Sijui kwa nini walioandika kadi hawakumsikiliza bibi wa mtu.

Mimba ya dada ilikuwa na wiki 34, kwa hiyo haikuingia kwenye safu hiyo. Shirika la Afya Duniani, linapolinganisha nchi na nchi, huanza kuhesabu wiki ya 28: kuanzia hapo, aliyezaliwa bila uhai ni mtoto mfu. Mkunga aliandika herufi tatu, FSB. Maana yake niliipata baadaye sana, kwa rafiki aliyesomea ukunga. Kuna MSB, aliyefia tumboni muda fulani kabla, ngozi imeshaanza kuchubuka. Na kuna FSB, aliyefariki karibu na kuzaliwa, mara nyingi uchungu ukiwa umeshaanza. Yaani huenda alikuwa hai mama yake alipopokelewa. Ndani ya F hiyo moja kuna maswali mengi: mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa lini mara ya mwisho, na nani alikuwa zamu. Ndiyo maandishi mazito kuliko yote kwenye kadi, na mwenye kadi hakuyaelewa. Aliambiwa ni kazi ya Mungu.

Sisemi herufi zifutwe. Bila hizo, vikao vya kujadili vifo vya watoto wachanga visingekuwa na cha kujadili. Ninachohoji ni msomaji aliyekusudiwa. Kadi inatembea mkononi mwa mama miezi yote, analindwa nayo kama pasipoti, halafu siku ya habari kubwa inazungumza juu ya kichwa chake.

Wodi nayo ilikuwa hivyo hivyo. Alilazwa katikati ya wanaonyonyesha. Kwenye kuta kulikuwa na picha za namna ya kumpakata mtoto, namna ya kumweka kwenye titi. Hakuna palipoandikwa kwamba maziwa huja hata kama mtoto hayupo. Yalikuja siku ya tatu, yuko nyumbani, kifua kimejaa, kinauma, akadhani ni ugonjwa. Mama ndiye aliyemfunga kanga, kwa kukisia.

Tumezoea kueleza kila kitu kwa uhaba. Bohari ya Dawa ipo hapa hapa Keko Mwanga, kwa hiyo maneno ya uhaba tunayafahamu, na wauguzi wachache kwa wagonjwa wengi nimewaona. Lakini maelezo ya dakika mbili kuhusu maziwa hayasubiri lori. Pazia ni vitenge viwili na kamba.

Haki ya mtu nayo isemwe. Usiku ule alikuja muuguzi mmoja wa makamo, mwenye kandambili, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakusema "bado mdogo, utapata mwingine", wala "shukuru umepona wewe". Wote tulikuwa tumeshayasema hayo, mimi nikiwemo.

"Pole, mwanangu. Mlimpa jina?"

Dada alikuwa amegeukia ukuta. Alilitaja bila kugeuka. Muuguzi akalirudia taratibu, akauliza lina maana gani, wakazungumza kidogo.

Kwenye kadi halimo, maana hakuna mstari wa kuliandika. Mama aliliandika mwenyewe nyuma, kwa kalamu ya risasi, pembeni mwa tarehe za kliniki ambazo hazikufika.