Azimio la Skrini au Idadi ya Nukta?

Miongoni mwa makosa yanayoudhi katika tafsiri za habari za kompyuta ni kulikuta neno "azimio" likitajwa kuwa sifa ya skrini. Azimio latokana na kitenzi kuazimia. Watu hukutana, wakashauriana, wakatoa azimio, kama lile la Arusha la mwaka 1967. Skrini haiazimii neno. Mfasiri amekuta neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, akashika ile ya mkutanoni.

Lau kosa hili lingekuwa la ufasaha tu, pengine tungelinyamazia. Lakini lina hasara ya fedha. Tumchukue mwalimu wa Murangi, wilayani Musoma, aendaye mjini kuinunulia shule yake kompyuta mpakato. Akikosa neno la kuulizia, atauliza inchi tu. Inchi hupima skrini kutoka pembe hadi pembe. Hazisemi ina nukta, yaani pikseli, ngapi. Kompyuta mbili za inchi 15.6 zaweza kulingana kwa ukubwa, moja ikawa na nukta 1,366 kwa 768, jumla 1,049,088, na ya pili 1,920 kwa 1,080, jumla 2,073,600. Herufi za hii ya pili zitakuwa laini zaidi. Mvuvi wa ziwani hahitaji kufundishwa jambo hili: nyavu mbili zaweza kuwa na urefu mmoja, lakini moja ikawa ya dagaa na nyingine ya sangara, kwa kuwa macho ya nyavu hizo hayalingani.

Wako wapendekezao "mwonekano". Neno ni zuri, ila ni pana mno: lachukua pia rangi na mwanga. Sisi twaona "idadi ya nukta" yafaa zaidi, kwa sababu yataja kitu kinachohesabika.

"Kadi ya michoro" nayo yapotosha. Mwandika barua hudhani haimhusu, kwani hachori. Kumbe hata herufi zake hufika kwenye skrini kwa njia hiyo hiyo. Aidha, katika kompyuta nyingi kazi hiyo hufanywa na sehemu iliyomo ndani ya kichakataji kikuu, wala hakuna kadi ya pekee. Kwa barua, hesabu za ofisi na kutazama filamu, sehemu hiyo yatosha. Kadi ya pekee humfaa mhariri wa filamu, mchoraji wa majengo na mcheza michezo mizito. Basi na tutenganishe: "kichakataji picha" kiwe kile kinachofanya kazi, na "kadi ya picha" iwe bamba la pekee linalokibeba.

Hapana budi kila istilahi ipimwe dukani kabla ya kuingizwa kamusini: je, mnunuzi akiitamka, atapewa alichokusudia? Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa mafundi, wanaombwa watuletee.