Chomoa betri kwanza, ndipo uvute bamba

Kapasita ni rahisi kuichora kuliko kuielewa. Mabamba mawili ya chuma, nafasi katikati, waya huku na huku, basi. Mwanafunzi wa sekondari hukariri kwamba uwezo wa kapasita hukua mabamba yakipanuliwa na hupungua yakitenganishwa. Anapiga hesabu, anapata alama zake, lakini ukimuuliza chaji imekwenda wapi mabamba yalipotenganishwa, anakodoa macho. Si kosa lake. Chaji haionekani, uga wa umeme hauonekani, na maabara nyingi hazina kifaa cha kupimia vitu vidogo kiasi hicho.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na Capacitor Lab: Basics, simulesheni ya bure ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Hufunguka kwenye kivinjari, na ukiipakua hufanya kazi bila intaneti.

Vilivyomo ni vichache: betri isiyozidi volti 1.5, mabamba ambayo nafasi kati yake huanzia milimita 2 hadi 10 na eneo lake milimita za mraba 100 hadi 400, swichi, voltimita, na pau tatu zinazopanda na kushuka kuonyesha uwezo wa kapasita, chaji na nishati. Toleo la zamani lilikuwa na mengi zaidi, vikiwemo vihami vya kuchomeka kati ya mabamba na saketi za kapasita kadhaa. Hili limepunguzwa kwa makusudi. Anayeanza akipewa vitufe ishirini atabonyeza vyote na asijue kipi kimeleta nini.

Kifaa cha thamani kuliko vyote humo ni swichi. Panua mabamba hadi mwisho, yasogeze yawe milimita 2, weka betri kwenye volti 1.5. Uwezo wa kapasita ni pikofaradi 1.77, chaji pikokulombi 2.66, nishati takriban pikojuli 2. Sasa vuta bamba hadi milimita 10 huku betri ikiwa imeunganishwa. Volti hazibadiliki, kwa kuwa betri inazishikilia. Chaji inashuka hadi pikokulombi 0.53, na mishale kwenye waya inaonyesha mkondo ukirudi kwenye betri. Nishati inabaki pikojuli 0.4.

Rudisha bamba lilipokuwa, fungua swichi ili betri ijitenge, kisha vuta tena vilevile. Safari hii chaji haina njia ya kutokea, kwa hiyo inabaki 2.66. Voltimita ndiyo inayopanda: kutoka 1.5 hadi 7.5. Na pau ya nishati, iliyoporomoka dakika moja iliyopita, sasa inapaa hadi karibu pikojuli 10.

Hapa mwanafunzi makini lazima aulize: betri imetengwa, nishati hii ya ziada imetoka wapi? Imetoka kwenye mkono uliovuta. Bamba chanya na bamba hasi yanavutana, na kuyatenganisha ni kazi. Ni kama tangi la maji ambalo kuta zake zinabanwa: maji ni yaleyale, kina kinapanda, na aliyebana ndiye aliyetoa jasho. Washa mishale ya uga uone jambo lingine. Swichi ikiwa wazi, mishale haipungui hata mmoja bamba linapovutwa, kwa sababu volti 1.5 kwa milimita 2 ni sawa na volti 7.5 kwa milimita 10. Uga ni uleule, ila sasa umejaza nafasi kubwa mara tano, na nishati nayo imekuwa mara tano. Ukurasa wa kitabu unaweza kuliandika hilo. Skrini inakuachia ulitende mwenyewe.

Hata hivyo, simulesheni hii ina udanganyifu wake, na mwalimu anapaswa kuutaja. Wa kwanza ni voltimita. Mita ya kawaida ya fundi, yenye ukinzani wa megaomu 10, ikigusa kapasita ya pikofaradi 0.35 ingeimaliza chaji kwa mikrosekunde chache, kabla namba haijatokea. Wa pili ni balbu ya ukurasa wa pili, inayowaka na kufifia taratibu. Kwa pikojuli 2, balbu ya wati moja ingewaka kwa sehemu mbili za trilioni ya sekunde. Wabunifu wamenyoosha muda ili jicho liufuate. Ni uamuzi mzuri wa kufundishia, mradi mwanafunzi asitoke darasani akidhani kapasita ndogo kiasi hicho inamulika chumba. Ile ya feni ya dari, yenye mikrofaradi 2.5 hivi, ni kubwa kuliko hii zaidi ya mara milioni moja, na yeyote anayeifungua anatakiwa kuimaliza chaji kabla ya kugusa. Skrini haipigi shoti. Haiwezi kumfundisha mtu tahadhari.

Kwa hiyo faida yake inategemea namna inavyotumiwa. Ukimwachia mwanafunzi avutevute tu, atafurahia pau zinazocheza na kuondoka mikono mitupu. Mwambie kwanza aandike kwenye daftari: nikivuta bamba, nini kitabaki palepale, volti au chaji? Akishajibu ndipo aguse swichi. Anayeweza kujibu swali hilo kwa hali zote mbili anaijua kapasita. Hesabu zilizobaki ni za kuzidisha na kugawanya.