Sifa za Mpiga Zumari

Mtajie mtoto wa Sombetini, hapa Arusha, wapiga filimbi, naye atakuonyesha refa wa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid au trafiki wa barabarani. Hana kosa, filimbi ilishamhama msanii, ikamwendea mwenye kuamuru. Lakini akifungua Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Mathayo sura ya 9, atawakuta wapiga filimbi wa aina nyingine, wako msibani katikati ya waombolezaji. Na katika Danieli sura ya 3 atalikuta zumari, limetajwa pamoja na kinubi na zeze mbele ya sanamu ya Nebukadneza. Huku chini ya Mlima Meru, wengi wetu tulilisoma zumari kabla ya kulisikia.

Asili ya neno ni Kiarabu, na makao ya zumari lenyewe ni pwani. Lamu, Unguja na Pemba linachezewa kirumbizi, watu na fimbo zao. Kwa Wadigo, wanaoliita nzumari, ndilo linaloongoza ngoma ya sengenya.

Kazi ya kulipiga inatisha. Ulimi wa zumari, jani lililokunjwa, huingia wote kinywani, midomo ikaegemea kisahani kidogo. Kisha mpigaji huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiisukuma nje ile aliyoiweka akiba, sauti isikatike. Mwimbaji hupumzika akimaliza ubeti. Mpiga ngoma akichoka hupokewa na mwenzake. Huyu wa zumari hana kituo, na akiimudu kazi hakuna anayekumbuka kwamba naye anapumua. Halafu tunamwita mpiga, kana kwamba ana kirungu mkononi! Wapo wanaosema mpulizaji, nami niko upande wao.

Sombetini zumari halisikiki. Jumamosi yanapita matarumbeta, vijana wamejazana nyuma ya pikapu mbele ya gari la maharusi. Huku kaskazini shaba hizo zina ukoo wa kanisani: wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani ndio waliowafundisha waumini kuzipuliza. Ila heshima ya mpulizaji ni ileile ya pwani, mcheza kwao hutunzwa. Msafara ukisimama, shangazi wa bwana harusi hushuka akicheza, akachomoa noti na kumbandika kijana kwenye paji la uso. Jasho huishika. Mkononi asingeweza kumpa, maana mikono imeshika tarumbeta na wimbo haujaisha.