Kasoro ya Istilahi "Lenzi Pandikizi"

Istilahi "lenzi pandikizi" yaonekana katika maandishi ya utabibu, nasi twaona yapotosha. Mkulima wa Njombe apandikizapo mche wa chai huung'oa kitaluni. Figo ipandikizwayo hutoka kwa mtu. Lenzi hii hutengenezwa kiwandani. Tena, tofauti na lenzi aliyoitia Harold Ridley mjini London mwaka 1949 baada ya kuondoa mtoto wa jicho, hii itiwayo kwa wasioona vyema mbali au karibu huiacha lenzi ya asili mahali pake. Mgonjwa asikiaye "kupandikizwa" aweza kuikataa tiba akidhani atang'olewa jicho. Twapendekeza "lenzi ya nyongeza", na tendo liitwe "kutia jichoni". Wasomaji na wapime.